Shamba la Ezron Limerudi kwa Wanawe

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, wachungaji wetu, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mama Gwantwa, mkaguzi wa Serikali tunayekuaga leo hapa Tunduma: nawasalimu nyote.

Naitwa Restuta, mkulima wa kahawa wa Hasamba. Kipaza sauti sijakizoea, lakini nisiposema mimi, nani atasema?

Kaka yangu Ezron alipougua, alikabidhi shamba lake kwa kampuni moja ya udhamini ya hapa mjini, ilitunze mpaka wanawe wakue. Ofisi ya marumaru, vijana wamevaa tai, nani angeshuku? Tukamzika mioyo imetulia. Msimu uliofuata nikakuta watu shambani wameshika mashoka.

"Mama, tumeuziwa," wakasema.

Nikaanguka katikati ya mibuni, nikalia kana kwamba msiba umeanza upya.

Nikaenda kwa Mama Gwantwa. Hakunipa pole ndefu; alivaa koti, akasema, "Twende." Kule ofisini akamwomba meneja kibali cha kutunza mali za watu. Yule bwana akacheka.

"Mama, sisi wananchi wanatuamini."

"Ndiyo maana nimekuja," akajibu. "Asiyeaminiwa atamwibiaje yatima?"

Kibali hawakuwa nacho! Akaifunga ofisi ile na kwenda mahakamani kuzuia mauzo. Walimtisha, wakambembeleza kwa zawadi; hakutikisika. Wakili wao akalalamika kwamba Serikali inaingilia mapatano ya watu binafsi. Mama Gwantwa akasimama: "Aliyepatana nao yuko kaburini. Asiposemewa na sheria, atasemewa na nani?"

Mahakama ikafuta mauzo. Shamba likawekwa chini ya kampuni yenye kibali, inayokaguliwa kila mwaka, na familia nyingine zilizodhulumiwa na kampuni ile, kuanzia Ruanda hadi Kamsamba huku mkoani kwetu, nazo zikarudishiwa mali zao.

Ndugu zangu, wapo wanaosema ukaguzi ni usumbufu. Je, usumbufu huo si afadhali kuliko shoka kwenye mibuni ya marehemu?

Mama Gwantwa, unastaafu ukiwa umeshinda. Kwa niaba ya wote uliowasimamia, tunakushukuru sana. Na kabla sijaketi: Tulinagwe, binti mkubwa wa kaka yangu, simama watu wakuone. Ametimiza umri, na wiki iliyopita alikabidhiwa shamba la baba yake, kwa niaba yake na ya wadogo zake. Mpigieni makofi, huyo ndiye mwenye shamba!

Asanteni sana kwa kumsikiliza shangazi yake.