Fundi wa Makochi na Mlango wa Saa Mbili

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Fundi, alizaliwa tarehe 3 Juni 1988, binti, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa baba seremala na mama mshona sare za shule. Usiku ule mama yake hakufumba jicho. Mtoto alikuwa amepelekwa chumba cha pili bila kulia, na mlango ukafungwa. Kulipopambazuka mkunga alitoka, akasema, "Yupo. Na ana hasira."

Hasira ile ilimfaa. Akiwa na miezi kumi aligundulika ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, unaouma mifupani kama mtu anavunjwa. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1995 hadi 2002, na katika miaka hiyo alilazwa mara kumi na tisa. Kila jioni mama yake alimgusa paji la uso kwanza, habari za shule baadaye. Sekondari aliishia kidato cha pili. Akili alikuwa nazo; siku ndizo zilizompungukia.

Mwaka 2005 alianza kujifunza kuvisha makochi kwa mjomba wake, na mwaka 2010 akafungua karakana yake. Kuna dereva wa lori aliyemletea kiti kilekile mara tatu, kimechanika palepale. Mara ya tatu Fundi aliutazama mshono, akauliza, "Huu umekatwa kwa wembe. Anayeumwa ni kiti au mwenye kiti?" Yeye na dereva huyo walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2015, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2019 mfupa wa nyonga uliharibika, akaanza kutembelea mkongojo. Maumivu yalipungua, lakini yeye hakurudi kuwa yule tuliyemjua. Siku arobaini na moja alilala akitazama ukuta, karakana imefungwa. Sote tulimwambia ajikaze, na mama yake alilisema neno hilo kuliko wote. Ndipo akamjibu, "Mama, nimejikaza tangu nizaliwe. Sasa nataka kutibiwa."

Ilikuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Walikwenda kliniki pamoja, mama amejifunika mtandio hadi puani asitambuliwe. Fundi akamnong'oneza, "Ukijifunika hivyo watadhani mgonjwa ni wewe." Ilikuwa mara ya kwanza kutania baada ya miezi miwili, na mama aliuvua mtandio palepale.

Alipewa dawa na mshauri wa kuzungumza naye. Sharti lingine alijiwekea mwenyewe: mlango wa karakana ufunguliwe saa mbili asubuhi, kazi iwepo isiwepo. Siku mbaya alitoa nje kiti cha mbao tupu, hakina sponji wala kitambaa. Majirani walijifunza maana yake: yupo, ingieni mkae, msimwambie ajikaze. Mama yake alikaa mara nyingi, akinyoosha misumari iliyopinda, hadi adhuhuri. Kwa zaidi ya miaka minne, ukiacha siku za kulazwa, saa mbili haikupita mlango haujafunguliwa.

Tarehe 5 Machi 2024 alibanwa kifua. Alifungua kwanza, akatoa kiti nje, ndipo akakubali kupelekwa hospitali. Alifariki tarehe 9 Machi, saa kumi na moja alfajiri. Mtaani imesemwa kwamba alikata tamaa. Siku moja kabla, alimshika mama yake mkono, akasema, "Nikifa, waambie ni damu. Ile nyingine niliiweza." Basi mmeambiwa.

Ameacha mume, binti wa miaka saba, wazazi wake wote wawili, wadogo zake wawili na mjomba aliyemfundisha kazi.

Tangu alazwe, karakana ilikuwa imefungwa, na mama yake alikuwa akipita ng'ambo ya barabara asiuone ule mlango. Jana, saa mbili kamili, aliingiza ufunguo. Kitasa kilikwama kidogo, kikaachia. Akakitoa nje kile kiti, akakaa.

Apumzike sasa mwanetu. Mlango uko wazi.