Selestini Luhende Kwandu, Anayezikwa Mbali na Baba Yake

Mwalimu Katekista, viongozi wa kijiji, wakwe zetu, majirani, na ninyi wageni wa kampuni mliopewa viti vya mbele, poleni na safari na poleni na msiba. Naitwa Felisita Luhende. Ninayemsomea wasifu leo ni kaka yangu, mimi ni mdogo wake wa kumfuata. Kamati ya mazishi iliniomba niandike kwa upole. Nimeandika kwa upole pale palipostahili.

Marehemu Selestini Luhende Kwandu alizaliwa tarehe 8 Februari 1948, wakati wa palizi ya pamba, katika kaya ya Mzee Luhende Kwandu huko Mwalugesha, upande wa porini kutoka hapa Nkololo, Wilaya ya Bariadi. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Luhende na mkewe Nyanjige. Kaya yetu ilizungushiwa minyaa, na katikati lilikuwepo zizi. Baba alilima pamba na mtama, akafuga, na hakuwa chifu. Naomba neno hilo mlishike, nitalirudia.

Alianza shule mwaka 1957. Siku za mwanzo alifuatwa na ndama mmoja mwekundu aliyemlea kwa maziwa ya kibuyu baada ya mama wa ndama huyo kufa. Ndama alikuwa akisimama mlangoni mwa darasa na kulia hadi masomo yaharibike. Mwalimu alimwambia Selestini achague, ama amwandikishe ndama naye asome, ama amfunge nyumbani. Selestini akauliza ada ya ndama ni kiasi gani. Alichapwa kwa hilo, lakini mwalimu mwenyewe alikuwa akiisimulia hadithi hiyo hadi uzeeni kwake. Alibatizwa mwaka 1959, akamaliza darasa la nne mwaka 1960.

Hakuendelea, kwa sababu mwezi Juni 1961 baba alifariki kwa ugonjwa wa tumbo. Baba hakuwa Mkristo. Alizikwa kwa desturi ya wazee wake, katikati ya zizi, amefungwa katika ngozi ya dume jeusi, na jioni ile ile ng'ombe wakarudi wakalala juu yake. Kwa Wasukuma wa zamani hiyo ndiyo heshima ya mwenye kaya. Kuna mtu wa kampuni aliwahi kuniuliza, kama ng'ombe wanaweza kumkanyaga, viti vya wageni wetu vina ubaya gani? Nilimjibu kwamba ng'ombe walikuwa wake.

Tarehe 12 Septemba 1970 Selestini alimwoa Benedikta, binti wa Nyashimo. Shemeji yangu anasema alimkubali kwa sababu hakuwa mwongeaji, na kwamba baadaye alimchoka mara nyingi kwa sababu hiyo hiyo. Mungu aliwajalia watoto wanne. Mwaka 1974 ulipofika wakati wa kuhamia vijijini, familia ilipakiwa kwenye lori pamoja na kuku na mlango wa nyumba, ikaletwa hapa. Baba alibaki. Wakati ule tulikuwa bado tunaweza kwenda kumsalimia, kufagia, kumwagia togwa, na kurudi. Baadaye eneo lile likaingizwa katika pori la wanyama, mtu akawa hawezi kufika bila kibali.

Kaka alifanya kazi ya karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika hadi miaka ya ruksa, walipokuja wanunuzi binafsi wa pamba na ghala letu likafungwa. Hakulalamika. Alirudi kwenye jembe na kungoja.

Mwezi Julai 1995 ikaja kampuni ya utalii. Sitaitaja jina, limeandikwa kwenye turubai hili tulilokaa chini yake. Asanteni kwa turubai, jua la Septemba ni kali. Walitafuta mahali pa kujenga kambi ya wageni, pakavu, pasipotuama maji, penye hifadhi ya upepo. Wakaulizia mtu anayelijua pori, wakaelekezwa kwa Selestini. Naye akawapeleka Mwalugesha, kwenye itongo letu, yaani mahame ya kaya, ambako ile minyaa ilikuwa bado imesimama katika duara lake.

Watu wamemsema sana kwa hilo, na mimi ndiye niliyemsema zaidi. Leo nataka mumwelewe. Alidhani anampelekea baba watu. Ilikuwa miaka zaidi ya ishirini kaya ile haina moto wala sauti, akaona heri wageni wakae kuliko fisi. Tena kwetu, anayeingia katika itongo la mtu huuliza kwanza: nani alikaa hapa, amelala wapi, nimwambieje kwamba nimekuja? Ni wajibu wa anayeingia. Mwenye itongo hawahi kusema, maana ukisema kabla hujaulizwa umemnyima mgeni nafasi ya kuonyesha adabu yake. Basi Selestini akangoja waulize. Aliwangoja wakipima kwa kamba, akawangoja wakishusha mahema. Alikuwa amekwisha kuandaa jibu.

Hawakuuliza. Waliona katikati ya duara pana mwinuko kidogo na majani laini, wakapapenda, wakachimba hapo shimo la moto na kuzungusha viti.

Kaka aliajiriwa kuwa mtu wa moto. Jioni aliuwasha, wageni wakakaa na vinywaji vyao kutazama jua likizama. Asubuhi alizoa majivu, akafagia, na kabla ya kuondoka aliinama akatoa salamu yetu ya asubuhi, "Mwangaluka, baba." Wapishi walidhani anaongea na ufagio. Alikaa hivyo karibu mwaka mzima akitafuta namna ya kusema, maana sasa kusema kulikuwa ni kuwaaibisha watu waliokwisha kukosea.

Mwishowe alimwomba mwenye kampuni, mzungu mmoja mcheshi na mkarimu, ahamishe moto hatua chache. Aliulizwa kwa nini. Akaeleza. Ndugu zangu, yule bwana alifurahi. Alimkumbatia. Alisema ni habari nzuri mno, na jioni ile ile akawatangazia wageni kwamba wamekaa juu ya kaburi la chifu mkuu wa Wasukuma, shujaa wa vita. Viti vikaongezwa. Wakaleta mkuki kutoka duka la vinyago na kumtaka Selestini asimame nao karibu na moto akisimulia. Alikataa mkuki na alikataa kusimulia, kwa hiyo simulizi akapewa dereva, kijana wa kutoka mbali ambaye hata jina la baba hakulijua. Baba yangu, mkulima wa pamba aliyeogopa nyuki, akawa chifu kila jioni kuanzia saa kumi na mbili.

Kwa nini hakuacha kazi? Hilo nalo nilimuuliza, tena kwa maneno mabaya. Alinijibu, "Nikiondoka mimi, nani atamzolea majivu?" Mwaka 1998 kampuni ilimpa cheti cha mfanyakazi bora kwa usafi wa eneo la moto. Benedikta alipokiona alicheka, halafu akaingia ndani na hakutoka hadi kesho yake.

Mwezi Agosti 2000 alikuja mgeni mmoja, mama mzee mwenye fimbo. Baada ya dereva kumaliza hadithi yake, yule mama aliuliza kama chifu huyo aliacha watoto. Dereva akaanza kutunga. Kaka alikuwa amechuchumaa akisogeza kuni. Akainuka, akasema kwa Kiswahili, "Mwambie aliacha mimi. Na mwambie hakuwa chifu, alikuwa mkulima." Dereva alisita, lakini yule mama alimsisitiza atafsiri. Alipotafsiriwa, yule mama alinyanyuka kwenye kiti kwa taabu, akakiburuta mwenyewe hadi nje ya duara, akasimama huko na fimbo yake. Wageni wengine wakanyanyuka mmoja mmoja.

Mimi sina ugomvi na wageni. Yule mama alidhulumiwa kama tulivyodhulumiwa sisi. Alitoka kwao mbali, akaaminishwa uongo, akakalishwa juu ya mzazi wa mtu bila kujua. Mgeni ana haki ya kuambiwa ukweli wa mahali alipo. Mwenyeji ana haki ya kuulizwa. Mambo haya hayahitaji semina.

Kesho yake kaka aliachishwa kazi kwa kosa la kuwakera wateja. Kamati ya mazishi iliomba aya hii isichapwe. Imechapwa.

Mwaka uliofuata alikwenda Mwalugesha kwa miguu kumsalimia baba. Alikamatwa akiwa na kibuyu cha togwa na kisu cha kukatia majani, akaandikwa jangili. Alikaa mahabusu hadi ndugu walipomdhamini, na kesi ikafutwa kwa kukosa ushahidi. Hakwenda tena. Alianza kukaa sana nje ya nyumba, ameelekea upande ule. Wajukuu wakimwita kula, anawaambia anakuja, na hasogei.

Mwezi Machi 2003 alianza kuumwa. Alitibiwa Bariadi, kisha Mwanza, ambako iligundulika ni saratani ya ini. Mwezi Julai alirudishwa nyumbani. Alituita mimi na mwanawe Marcelo akatueleza jambo moja tu, kwamba anataka kulala kando ya baba yake. Mwalimu Katekista aliulizwa, akasema yeye atamwombea Mkristo popote atakapozikwa, hata zizini. Namshukuru mbele yenu wote.

Tulikwenda kambini kuomba. Tulipokelewa na meneja mpya, Bwana Josia, ambaye leo yuko nasi. Ni Mtanzania mwenzetu, mstaarabu, alitupa soda na kutusikiliza hadi mwisho. Alisema anaelewa sana, ila wageni wamelipia mapumziko na haitakuwa vizuri waamkie msiba. Tulirudi mikono mitupu. Lakini baada ya wiki moja alitufuata mwenyewe hapa kijijini na habari njema. Ofisi yao imekubali. Selestini anaweza kuzikwa pale pale, kando ya baba yake, na familia itaruhusiwa kuingia. Ila azikwe kwa mila kamili, kwa ngozi ya ng'ombe na ngoma, katekista asivae joho, na wageni wa kambi waruhusiwe kusimama pembeni, kwa heshima, na kamera zao.

Nasema kweli, mimi nilitaka tukubali. Nilimwona kaka yangu alivyoisha, nikaona bora apate alichokitaka, kamera zisingemwamsha. Marcelo hakutaka kusikia. Tukakubaliana aamue mwenyewe. Tuliingia ndani, nikamsomea masharti yote, sikuruka hata moja. Kaka akasema, "Mimi nilimwonyesha mtu njia ya kwa baba mara moja. Sitamwonyesha tena. Nizikeni hapa."

Aligeukia ukutani. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, na hasira hiyo haijaniisha hadi nasoma hapa. Mtu aliyezaliwa pale aliombwa awe onyesho ndipo apewe futi sita za ardhi ya babaye, na walioomba hivyo waliona wanatufanyia hisani. Bwana Josia, najua hukutumwa na moyo mbaya. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, maana mtu mbaya ningejua namna ya kumjibu.

Ndugu Selestini Luhende alifariki nyumbani kwake Nkololo, alfajiri ya Alhamisi tarehe 4 Septemba 2003, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, mkono wake ukiwa katika mkono wa Benedikta. Anazikwa leo Jumamosi nyuma ya nyumba yake. Mpiga picha wa kampuni tumemwomba abaki kwenye gari, na tunamshukuru kwa kukubali.

Familia inawashukuru waliomuuguza Bariadi na Mwanza, kina mama wa jumuiya waliopika na kulala nasi, na vijana waliochimba kaburi katika udongo huu mgumu.

Marehemu ameacha mjane, Benedikta, watoto wanne, Marcelo, Nyanjige, Joyness na Deogratias, wajukuu saba, na mimi mdogo wake. Kwa kawaida orodha huishia hapo, kwa walio hai. Lakini leo nisipomtaja huyu nitakuwa nimedanganya kama yule dereva. Amemwacha pia baba yake, Luhende Kwandu, mkulima, ambaye jioni hii saa kumi na mbili watamwashia moto kifuani, na asubuhi hakuna atakayemwambia mwangaluka.

Kaka, wewe lala kwa amani. Baba bado.