Joakim Sayi, Aliyeikataa Kazi Nyepesi

Ndugu waombolezaji, nawasalimu kwa Kisukuma chetu, mwadila. Mimi ni Novatus, kaka wa mjane, na kwa kuwa shemeji ni mtani, na mtani hakasirikiwi msibani, familia imenipa mimi kusoma historia hii, ikijua vizuri kwamba ina mambo ambayo mwenye adabu angeyaruka.

Marehemu Joakim Sayi alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Nkoma, mtoto wa nne wa mzee Sayi Luhaga na mama Minza, akaanza shule ya msingi mwaka 1980, akiwa amechelewa kwa sababu ya kuchunga, akasoma sekondari Shinyanga, na mwaka 1995 akahitimu chuo cha mifugo. Tarehe 1 Julai 1996 aliajiriwa na shirika la mifugo ambalo viongozi wake wamekaa pale mbele kwenye viti vyenye mito, akapangiwa vijiji vya Zagayu, na tarehe 17 Oktoba 1998 alifunga ndoa na dada yangu Philomena mjini Bariadi, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 9 Februari 2015 alishikwa na malaria, akaingia zahanati moja binafsi, ambayo siitaji jina kwa sababu tangu hapo imebadilisha jina mara mbili, akachomwa sindano ya kalio na kijana ambaye baadaye ilijulikana chuo hakumaliza. Marehemu alisema moto umeshuka mpaka vidoleni, akaambiwa mwanaume mzima anaogopa sindano, na kesho yake unyayo wa kushoto ukawa unaning'inia, haunyanyuki. Huyu ni mtu aliyechoma sindano ng'ombe wa kata nzima kwa miaka kumi na minane, wala hakulemaza hata ndama, kwa hiyo mtaona kwamba katika mkoa wetu ni salama zaidi kuugua ukiwa na pembe. Wenye zahanati walisema dawa haikupatana na damu yake, na wako hapa walionong'ona kwamba amerogwa, kana kwamba mchawi angejisumbua wakati zahanati ipo.

Alifanya mazoezi Mwanza kwa miezi minane, chini ya binti Muzdalifa, mtaalamu wa viungo, akapewa kifaa cha plastiki cha kushikilia unyayo, na daktari akathibitisha kwamba anaweza kurudi kazini. Viongozi wake, kwa huruma iliyowajaa mpaka shingoni, walimpa kazi nyepesi, yaani kiti kando ya mashine ya fotokopi, awe anakaribisha wageni, ambao kwa mwezi walifika wawili, mmoja akiwa amepotea njia. Marehemu alitaka kitu kimoja tu duniani, kurudi kwa ng'ombe, akamwendea mkuu wake akamwambia, "Ng'ombe hawaji ofisini, mkuu."

Pikipiki ilimshinda, maana gia hukanyagwa kwa mguu wa kushoto, akaanguka nayo mara mbili. Ni Muzdalifa aliyemuuliza alipokuwa mtoto alikuwa anapanda nini, swali ambalo hakuna msomi yeyote wa shirika aliyelifikiria, na mwezi wa tano mwaka 2016 marehemu akanunua punda jike, akafunga boksi la chanjo ubavuni, akaondoka. Mjini vijana walimzomea, sisi ndugu tuliona aibu, na shirika likaitisha kikao, likanywa maji ya chupa, likaamua kwamba punda anachafua sura ya taasisi. Yeye aliwasikiliza kwa heshima, kisha akaenda kumtandika punda. Wafugaji wa Zagayu hawakucheka hata siku moja, wakimwona tu anakuja walikusanya ng'ombe, na aliwahudumia hivyo mpaka mwaka huu alipolazwa na ugonjwa.

Mwezi Machi 2025 aligundulika ana saratani ya tumbo, akalazwa Mwanza, na tarehe 3 Agosti 2025, saa kumi alfajiri, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza, waliomsikiliza kila aliposema panauma, tunamshukuru Muzdalifa, majirani waliochimba kaburi, na wafugaji waliotembea kutoka Zagayu. Mwisho, tunawashukuru viongozi wa shirika kwa gari lililomleta marehemu kutoka mochwari hadi hapa Nkoma. Ni gari lile lile alilokuwa akiliomba kila msimu wa chanjo, limfikishe Zagayu siku moja tu, na kila msimu mkamjibu kwamba mafuta hayapo. Leo yamepatikana, naye amepanda.

Shemeji, sasa umepumzika kutokana na vikao vyao. Pumzika kwa amani.