Depo ya Patron Bila Gunia

Benchi letu pale Tshopo lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya madumu mawili ya mafuta ya mawese, kwenye pembe ambapo barabara inaanza kuteremka kuelekea daraja. Pembeni alikaa Mama Adèle na jiko lake la makaa, mbabula kama tunavyoliita, na birika la kahawa ya tangawizi iliyoweza kumwamsha mtu aliyesinzia misa nzima. Nyuma yake, barazani, ndiko nilikoweka cherehani yangu mimi, Lambert, fundi nguo. Jumapili sishoni, lakini kiti changu hakihami, na ndiyo maana najua kila neno lililosemwa pale, la akili na la upuuzi, na la upuuzi lilikuwa jingi zaidi. Nazungumzia miaka ile umeme wa maporomoko ya Tshopo ulipokuwa bado mgeni mjini, vita vya Wazungu vimekwisha, na Bula Matari, yaani serikali, alikuwa ameanza kukodisha majumba ya jeshi yaliyokosa kazi.

Moja la majumba hayo lilimwangukia rafiki yetu Évariste. Lilikuwa depo ya zamani ya baruti, ng'ambo ya mto, kwenye njia ya Buta, kabla ya kufika mto Lindi. Évariste aliacha ukarani wake kwenye reli ya Ubundu, kazi ya viatu na kivuli, ili awe na ghala lake mwenyewe la mpunga na mchele. Alifukuza popo, akafagia, akaleta mizani, akapeleka habari vijijini kupitia makatekista: bei ni ileile ya mjini, na njia ni nusu. Msimu wa mavuno ukaanza. Watu wakapita na mizigo kichwani mbele ya depo, mmoja baada ya mwingine, wakaenda kuuza kwa Stavros, Mgiriki mwenye duka karibu na gati. Hata kikapu kimoja hakikuingia. Sisi marafiki, kwa huruma, tukambadilishia jina. Tangu hapo akawa Patron Bila Gunia.

Jumapili moja alikuja na uso wa huzuni. Bula Matari alikuwa amempa depo kwa majaribio tu. Mvua kubwa zikianza na bado iko tupu, inakwenda kwa Stavros, ambaye tayari alishapita na gari kulitazama paa lake. Na mawingu ya Lindi yalikuwa yameanza kuwa meusi.

Karibu naye alikaa mlinzi wake, Hemedi, sajini mstaafu wa jeshi, mzee wa familia ya zamani ya Waislamu wa mji huu. Aliilinda depo ile wakati wa vita, baadaye akailinda ikiwa tupu, na Évariste alipoikodi alimkuta mlangoni, akamwacha palepale. Kila Jumapili Sajini alikuja mjini na baiskeli yake kutoa ripoti, na aliitoa akiwa amesimama, hata kama kikombe kiko mkononi.

— Rien à signaler, patron. Hakuna mutu alikaribia. Kote iko kimya.

— Kimya ndio ugonjwa yenyewe, Papa Sajini. Ikaa chini, ukunywe.

Basi benchi likaanza kazi yake, maana benchi letu halikuweza kuona mgonjwa bila kumtibu. Wa kwanza alikuwa Cyprien, karani wa posta, tuliyemwita Kalamu kwa sababu alichomeka kalamu mbili mfukoni, na moja haikuwa na wino.

— Bon. Iko question ya mentalité. Mutu ya mugini, kule kijijini, akiona nyumba ya basoda, ya askari, magoti yake inakumbuka vita. Wakati ile ukikaribia, banakubebesha sanduku mpaka Buta. Donc anapita mbali. Iko logique.

— Logique ya wapi? Chini ya ciment kuko bomu.

Aliyesema hivyo ni Camille, fundi wa baiskeli. Jina lake la utani Pompi, kwa sababu pampu haikumtoka kwapani hata kanisani.

— Basoda balisahau moja pale. Bomu ya kusahauliwa inalalaka tu, inangojea. Bahenga balisema, haba na haba hujaza kibaba.

Hakuna aliyeuliza bomu moja linajaza vipi kibaba. Methali za Pompi zilikuwa kama breki alizotengeneza: ukifika salama ulishukuru, hukuuliza.

Kalamu hakupenda kushindwa na mtu wa pampu. Akafuta miwani na kusema kwamba bomu ni kitu kidogo. Shida ni askari wetu waliokufa vitani Abyssinia. Mtu akifa mbali hivyo, roho yake inarudi mahali alipopewa bunduki, ili airudishe.

— Sasa anafika, anafungua, anakuta muchele. Bunduki ataweka wapi? Alors anakasirika. Na batu ya mugini banasikia ile hasira, wakati sisi batu ya cité hatusikii kitu.

Sajini, ambaye Abyssinia alifika kwa miguu yake, alisema tu kwamba aliowaacha kule walikuwa watu wapole, na hakumkumbuka hata mmoja aliyekuwa na haraka ya kurudisha bunduki. Akanywa kahawa yake.

Lakini Pompi hakuweza kuliacha jambo pale. Akasogea katikati ya ubao.

— Bon, nitasema ile munaogopa kusema. Mundele-Mwinda.

Miaka ile kila mtoto wa mji alimjua Mundele-Mwinda, Mzungu wa taa, anayemulika watu gizani, akawapeleka, wakageuzwa nyama ya kopo. Mimi sikuamini, ila usiku nilipita upande wenye nyumba.

— Ile depo haina hata dirisha moja. Nyumba bila dirisha inafanyaka kazi gani? Na nyuma yake kuko makopo ya nyama, mingi, tupu, inakula kutu. Mi mwenyewe niliona, siku Patron alinituma kupaka rangi maandiko ya ukuta. Mwenye shoka hakosi kuni.

— Na ile kopo ulikula Noëli, Mama Adèle akamuuliza bila kuinua macho kwenye makaa, uliuliza jina ya marehemu?

Pompi akashika tumbo. Benchi zima likatikisika kwa kicheko, hata Sajini akamwaga kahawa kidogo. Ni Évariste peke yake ambaye hakucheka, na tulipomtazama tukakata kicheko, maana tulimpenda yule mtu, pamoja na ujeuri wake wa kuacha kazi ya kivuli.

— Munajua bibi yangu Julienne ananiambia nini nyumbani? Hakuna. Ananiwekea pondu kwa sahani, ananiwekea maji ya kunawa, hasemi neno. Kama angegombana na mi, ningelala. Ile mutu anaacha kugombana, ameisha kuona mwisho.

Nilitaka kumwambia neno jema, lakini mimi neno jema huja kesho yake. Kalamu akamwekea mkono begani. Hapo ndipo alipofika mama mmoja kutoka upande wa soko, beseni kichwani limefunikwa kitambaa, miguu imejaa vumbi la njia. Akaomba kahawa kidogo kabla ya kuvuka daraja. Aliitwa Mama Marceline, wa kijiji cha mtoni kule Lindi. Jana alikuja kuuza mchele kwa Stavros, akalala kwa dada yake, na sasa alikuwa anarudi na mabaki ya mchele huo, ambayo dada alikataa kuyapokea yote. Pompi akampisha nafasi, akamweleza kesi yote kwa wakati mmoja: depo, bomu, Abyssinia na kopo la nyama. Alimsikiliza kwa adabu, huku akipuliza kikombe.

— Depo ya pale njiani, yenye ukuta mweupe? Tunaipitaka.

— Muliogopa nini? Évariste akauliza. Sema tu, mama. Mi ndiye mwenyewe.

— Ah, papa, kuogopa hapana. Mi nauliza tu. Kule batu banapikiaka wapi?

Évariste akamtazama Kalamu. Kalamu akatazama kalamu zake. Pompi akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaufunga bila methali.

Mama Marceline akadhani hakusikiwa vizuri, akaeleza polepole. Kwao wanatoka jogoo wa kwanza, na wakifika pale kwenye ukuta mweupe jua liko juu ya kichwa. Wana watoto mgongoni, wana wazee. Kupima mizigo kunataka muda. Kwa Stavros kuna kibanda, kuna mafiga, mtu anabandika ndizi zake, mtoto anakula, mwenye kiko anapata kaa la kuwashia. Pale depo kila siku wanatazama juu ya paa na hawaoni moshi.

— Sisi tunajua, nyumba haitoi moshi, mwenyewe hayuko. Basi tunapita. Hatuwezi kuacha muchele kwa nyumba yenye mwenyewe hayuko.

— Lakini mi niko, Évariste akasema. Kila siku niko. Naikaa pale kwa mizani kama sanamu.

Akageuka kwa Sajini taratibu, kama mtu anayeogopa atakachokikuta.

— Papa Sajini. Kule tunapikiaka wapi?

Sajini akasimama.

— Moto iko défendu, patron. Mi nakulaka kwanga, mukate ya muhogo, ya baridi. Siku moja bamama bamoja balipita, bakaanza kupanga mawe karibu na mulango. Niliwaambia kwa heshima batoke. Sikutia kwa ripoti, maana walitoka.

— Défendu na nani?

— Na commandant. Wakati ya vita.

— Commandant alienda Ulaya. Baruti ilienda. Mule ndani iko ghala ya muchele.

— Mi najua iko ya muchele. Mi haiko mupumbavu. Lakini ordre haikusema baruti, patron. Ilisema dépôt. Na contre-ordre, ile ya kufuta, hakuna mutu alinipa. Na weye pia ulipofika, ulituma Camille kupaka rangi upya ile maandiko ya ukuta. Nikasema, bon, ordre inaendelea.

Sasa tukamgeukia Pompi, ambaye alikuwa amegundua kasoro kwenye pampu yake. Maandiko yenyewe, akakiri baada ya kubanwa, yalikuwa ya kukataza moto, herufi kubwa nyekundu. Alizipaka vizuri sana, mara mbili. Évariste naye akafunika uso kwa mikono miwili. Aliona zinapendeza, alisema. Zilifanya mahali paonekane pa maana.

Ndugu zangu, tulikuwa na karani wa posta, karani wa reli, fundi wa baiskeli na mzee wa Abyssinia, na tulikuwa tumeketi asubuhi nzima pembeni ya moto wa Mama Adèle tukijiuliza kwa nini watu hawaendi mahali pasipo na moto. Niliona aibu, na nilifurahi vibaya sana.

Évariste akainuka. Akafunga kifungo cha juu cha koti, akakohoa. Nilidhani atamkaripia mzee. Badala yake akanyoosha mgongo na kusema, akichanganya Kifaransa chake cha reli:

— Sergent Hemedi. Contre-ordre. Kuanzia leo, moto iko permis. Kibanda itajengwa upande ya mulango, na mafiga, na maji. Ulichunga vizuri. Commandant angekuwa hapa, angesema vile vile.

Sajini aligonganisha visigino vyake ndani ya ndala. Macho yalimlowa, na hakuyafuta, kwa sababu askari hafuti macho akiwa wima. Aliposema "Ndiyo, patron", alisema kama mtu aliyetuliwa mzigo alioubeba peke yake tangu sisi wengine tulipoacha kufikiria vita.

Pompi akatoa kibiriti, akataka kumpa. Mama Adèle akamsukuma mkono. Kwao, alisema, moto wa nyumba mpya hauwashwi kwa kibiriti, unaombwa kwa jirani, ili nyumba ijulikane ina ndugu. Akachukua kopo tupu la maziwa lenye mpini wa waya, akaweka majivu chini, halafu akachota makaa mekundu kutoka mbabula, yote, bila kubakiza, akayafunika majivu tena. Birika likaacha kuchemka. Kalamu alikuwa bado na kikombe mkononi akingoja nyongeza, akaangalia, akakiweka chini bila kulalamika.

Pompi akajaza upepo magurudumu yote mawili ya baiskeli ya Sajini na kukataa asante. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Mugeni njoo, mwenyeji apone." Ni mimi peke yangu niliyegundua kwamba safari hii methali ilikuwa mahali pake.

Wakaondoka watatu kuelekea daraja. Sajini alisukuma baiskeli kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alibeba kopo mbali na nguo zake, yeye aliyeukataza moto miaka yote ile. Évariste alitembea mbele yake, akigeuka kila mara kuuliza kama bado linawaka. Mama Marceline alifuata na beseni lake kichwani, akisema kwamba njia ni ileile, na kwamba wanaume wawili watawasha moto mkubwa halafu wasijue cha kuweka juu yake.

Sisi tulibaki na kahawa ya baridi, tukainywa hivyo hivyo. Baadaye Évariste mwenyewe alinisimulia: mchele wa kwanza kuingia depo ile haukupimwa wala kutiwa kwenye gunia. Uliingia chunguni, na wakiwa bado wanakula, watu wenye mizigo waliokuwa wanapita njiani wakaona moshi, wakatua.