Kifaranga Mvaa Soksi

Ndani ya basi, mshonaji alifunua boksi mapajani, akamwonyesha muuza chakula cha kuku aliyekaa kando yake kifaranga mwenye manyoya hadi vidoleni.

"Brahma huyo, dada. Mbegu ya kigeni," alisema muuzaji, kwa sauti ya mtu asiyekosea.

"Ugeni gani, kaka! Marehemu mama alifuga hawa, akiwaita wavaa soksi. Tulipohama tuliwaachia shangazi. Kwake ndiko nimemtoa huyu."

"Basi mama alifuga Brahma bila kujua."

Mshonaji alicheka, machozi yakimlengalenga. Alimkumbuka mama akiwafuta kuku matope miguuni kwa upindo wa gauni, huku akiwagombeza kama watoto.

Basi lilisimama. Muuzaji alishuka, akageuka. "Brahma, dada!"

"Wa mama huyu!" alijibu dirishani.