Bibi Pua na Kamba ya Vibanio

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti, na aliye jikoni apunguze moto kidogo asije akaunguza chakula akanilaumu mimi. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefariki wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Alikuwa dobi. Mtaa mzima ulimwita Bibi Pua. Na pua yake, kwa taarifa yenu, ilikuwa ya kawaida kabisa.

Kwa miaka arobaini alifua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Kulikuwa na meza ndefu iliyofunikwa blanketi lililoungua pembeni. Chini ya dirisha palikuwa na mabeseni matatu: la kulowekea, la kufulia na la kusuuzia. Ole wako uyachanganye! Mteja akileta shati lenye doa, aliligeuza, akalinusa, kisha akamtazama mwenye shati juu mpaka chini. "Hili ni la wino," alisema. "Na hili la rangi ya mdomo silisemi, baba. Mimi ni dobi tu." Usafi ndio uliokuwa fahari yake. Shikeni hilo, wasikilizaji: usafi.

Aliishi na binti yake, fundi cherehani, na mjukuu wa kike aliyemwita "mke mwenzangu". Mjukuu alipofikisha miaka miwili, jipu lilimtoka pajani. Akapewa dawa, likapona. Baada ya wiki tatu likatoka jingine kwapani. Dawa tena. Kisha mgongoni. Kwa mwaka mmoja, majipu kumi na moja. Dawa za maji zikabadilishwa, sindano zikabadilishwa, na majipu yakaendelea kuja kama wageni wasioalikwa.

"Mwanangu akimwona mtu mwenye koti jeupe, analia," anasimulia fundi cherehani. "Hata muuza nyama. Ilibidi tuhame bucha."

Jipu la kumi na mbili lilikuwa baya. Homa ilipanda, mtoto akalegea, akalazwa siku tisa. Usaha ukapelekwa maabara, na jibu likaja: kijidudu sugu. Yaani dawa nyingi za kawaida hakizijali. Daktari hakuzunguka. "Dawa zinazokiweza zimebaki mbili," alimwambia bibi. "Kikizizoea na hizo, kisha kikaingia kwenye damu, tunaweza kumpoteza." Mtoto wa miaka mitatu, wasikilizaji.

Bibi hakulia. Aliuliza, "Kinakaa wapi?"

Muuguzi akamweleza. Kinakaa kwenye ngozi, na puani ndiko kinakopenda zaidi. Mtu anaweza kukibeba bila kuumwa chochote. Kwa hiyo watu wote wa nyumba wajitibu pamoja kwa siku tano: marhamu puani asubuhi na jioni, kuoga kwa sabuni ya dawa, kila mtu na taulo lake, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto.

Kufua? Hapo walimpata mwenyewe! Alichemsha mataulo, mashuka, foronya, hata mwanasesere wa kitambaa, ambaye alitoka amekunja uso na hajaukunjua mpaka leo. Alishona uzi mwekundu kwenye taulo la mtoto na uzi wa kijani kwenye taulo la mama yake. Kisha akafunga kamba ukutani, juu ya meza ya pasi. Kila wiki ikipita bila jipu, anabana kibanio kimoja cha nguo. Alitaka vifike hamsini na viwili. Mwaka mzima.

Vikafika tisa. Wiki ya kumi, jipu likatoka shingoni.

Alivitoa vyote, kimoja kimoja, akavitia kwenye kopo. "Halafu akanigeukia mimi," anasema binti yake. "Eti nimegusa taulo lisilo langu. Tulinuniana njia nzima mpaka kliniki."

Pale kliniki muuguzi aliuliza swali moja tu. "Bibi, na wewe ulipaka marhamu puani?"

Bibi akasukuma miwani juu ya pua.

Hakupaka, wasikilizaji wapendwa. Aliwapaka wenzake wote, yeye mwenyewe hakupaka. "Mimi?" alisema. "Zaidi ya miaka thelathini mikono yangu iko kwenye sabuni! Hicho kijidudu kitanipatia wapi?" Alifoka mpaka miwani ikamshuka. Lakini mjukuu alikuwa mapajani pake, bandeji shingoni, anachezea kifungo cha blauzi yake. Bibi akaiweka sawa bandeji. Kisha akainua uso. "Haya, ingiza hicho kijiti chako cha kupimia."

Bibi na binti yake wakapimwa pua; majibu yalichukua siku nne. Fundi cherehani: hana. Bibi: anacho. Kijidudu kilekile.

Muuguzi alimweleza kwamba si suala la uchafu, kwamba hata watu wasafi sana hukibeba. Hayakumwingia. Siku hiyo alikaa kwenye meza ya pasi bila kuwasha pasi. Aliumia, jamani. Mtoto aliyekuwa akimbusu kila asubuhi! Jioni alimwita binti yake, akamwambia maneno ambayo fundi cherehani hajayasahau: "Mwanangu, nimefua kila kitu humu ndani isipokuwa mimi."

Kesho yake alisimama mlangoni. Kila mteja aliyefika alimwambia ana kijidudu puani, na siku tano hafui.

"Mama, si lazima wajue," binti yake alimsihi.

"Madoa yao nimeyaona miaka yote," alijibu. "Na wao waone langu."

Wengine walihama, wengi wakarudi. Fundi viatu wa jirani ndiye aliyeanza kumwita Bibi Pua. Bibi mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini, na jina likabaki.

Kwa siku tano watatu hao walisimama mbele ya kioo kimoja, asubuhi na jioni. Mtoto alikataa bibi yake apakwe na mtu mwingine. "Mke mwenza, inua pua!" Taulo la tatu likapata uzi wa buluu.

Kibanio cha kwanza. Cha tano. Cha tisa. Wiki ya kumi nyumba nzima ilitembea kwa kunyata, na mtoto akakaguliwa kama shati la bwana harusi. Cha kumi! Cha ishirini. Cha arobaini. Cha hamsini na mbili alikibana mtoto mwenyewe, amesimama juu ya meza ya pasi, meza ambayo hakuna mtu aliyewahi kuruhusiwa hata kuiegemea. Bibi Pua alipiga vigelegele mpaka wateja wakaingia mbio. Mwaka mzima, wasikilizaji. Bila jipu hata moja.

Tangu hapo, kila Alhamisi alikwenda kliniki na kopo lake la vibanio, akakaa kwenye benchi la kina mama. Maliza dawa uliyoandikiwa, aliwaambia. Usimgawie jirani iliyobaki. Na kabla hujamfokea mwenzio, kapimwe pua yako. Muuguzi anasema familia kumi na saba ziliondoka pale na kamba zao.

Bibi Pua amefariki kwa ugonjwa wa moyo, mchana, baada ya kukunja shuka la mwisho. Mjukuu sasa ana miaka tisa. Vibanio vimezunguka kuta zote nne za chumba cha pasi. Siku moja baada ya mazishi, mtoto alipanda juu ya meza. Mama yake alimwuliza anafanya nini. "Leo ni siku ya kibanio," alijibu. Kikabanwa cha mia tatu kumi na tatu, na kikashika taulo lenye uzi wa buluu.

Kwako fundi cherehani, na kwako mke mwenza mdogo, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi, na tunajivunia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako kuna tatizo linalokwenda na kurudi, na umeshamkagua kila mtu, kaa chini leo ujiulize umemruka nani. Kisha fanya kama alivyofanya dobi wetu. Inua pua.