Mara ya Tatu

Basi lilikuwa likishuka kuelekea stendi ya Thimphu, mji mkuu wa Bhutan, na mjane Yangzom alikuwa amefika shanga ya themanini ya sala zake, mzee wa kiti cha mbele yake alipompotezea hesabu.

"Siku nne kwa mwanangu, nalala njaa! Leo nimeondoka bila hata kuaga!" alimlalamikia mwanamke aliyeketi naye. "Mkwe ananikaribisha wali, nafunika mdomo kwa mkono, nasema nimeshiba. Naye anaondoa sahani!"

"Si umesema umeshiba, baba?"

"Kwetu mgeni hubembelezwa mara tatu. Nikubali mara ya kwanza, mimi mlafi?"

"Ndiyo maana unarudi kijijini bila kumuaga mwanao? Kwa sahani ya wali?"

"Muulize mkewe!"

Mwanamke akashusha pumzi, akafunua kikapu cha momo, vidonge vya unga vilivyojazwa jibini, bado zinafuka mvuke. "Haya, chukua."

Mzee akafunika mdomo. "Asante, nimeshiba."

"Jamani! Chukua, baba."

"Nimeshiba kabisa, mwanangu."

Yangzom aliziachia shanga zake mapajani. Bado mara moja tu, mama, aliomba kimoyomoyo, usichoke.

Basi likasimama. Mwanamke akafunika kikapu, akainuka.